Una furaha? Kisa cha maikrofoni katika mitaa ya Paris, 1960

Kiangazi cha mwaka 1960, wanawake wawili walikuwa wakizunguka mitaa ya Paris na maikrofoni na kinasa sauti, wakimsimamisha kila aliyepita na kumuuliza swali moja: "Je, una furaha?" Wapo walioongeza mwendo bila kugeuka. Wapo waliocheka, waliokunja uso, waliosema hawana muda. Na wapo waliosimama pale pale kando ya barabara wakaanza kueleza habari za uzee, maradhi, pesa zisizotosha na ndugu waliokwisha kuzikwa.

Picha hizo zimo katika Chronique d'un été, filamu ya Jean Rouch na Edgar Morin iliyotoka mwaka 1961. Wengi wanaosomea dokumentari huonyeshwa dakika chache za filamu hii, na kwa kawaida huonyeshwa hapo tu, penye swali la mtaani, kisha somo likahamia kwingine. Naona hiyo ni hasara kubwa, maana swali lile ndilo jambo jepesi kuliko yote katika kazi ile. Uzito uko katika yaliyolizunguka: nani alipewa maikrofoni, chombo gani kilitumika, watu walipelekwa wapi baada ya jibu la kwanza, na walitendewa nini kamera ilipozimwa. Kwa hiyo nitakichambua kisa hiki kama mtu anayepanga siku ya kazi, na nadharia nitawaachia wenye nayo.

Mambo yalianzia Florence, Italia, Desemba 1959, kwenye tamasha la Festival dei Popoli, ambako Morin na Rouch walikuwa pamoja katika jopo la waamuzi. Morin alikuwa mwanasosholojia, na wakati wa vita alishiriki harakati za siri dhidi ya Wanazi. Rouch alifika Niger mwaka 1941 akiwa mhandisi wa barabara na madaraja, akavutwa na maisha ya Wasonghay, akaishia kuwa mwanaanthropolojia mwenye kamera. Kwa zaidi ya miaka kumi alikuwa amewapiga picha watu wa Afrika Magharibi. Morin akamtaka sasa awageukie watu wa kabila lake mwenyewe, yaani Waparisi. Mwezi uliofuata Morin aliandika katika gazeti la France Observateur kudai sinema ya namna mpya aliyoiita cinéma-vérité, sinema ya ukweli, jina lililotokana na kazi za Dziga Vertov, mwongozaji wa filamu wa Kisovieti, za miaka ya 1920. Mtayarishaji Anatole Dauman wa kampuni ya Argos Films akakubali kuibeba. Swali la awali halikuwa la furaha. Lilikuwa "Unaishije?", na ndilo lililotawala mpango mzima: unaamka saa ngapi, unafanya kazi gani, pesa inakufikisha lini, jioni unarudi kwa nani.

Hapa lazima niingize kisa cha Niger, kwa sababu bila hicho mambo ya Paris yanaonekana kama yalidondoka kutoka mbinguni. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Rouch alipiga picha uwindaji wa viboko katika Mto Niger, upande wa Ayorou. Baadaye alirudi na projekta, akatundika shuka, akawaonyesha wawindaji kazi yake. Waliitazama, wakataka irudiwe, wakaitazama tena. Kisha wakamkosoa. Rouch alikuwa ameweka muziki juu ya picha za kiboko akifukuzwa, tena muziki wao wenyewe wa kuwatia wawindaji moyo. Wakamwambia autoe: kiboko ana masikio makali, akisikia ngoma anakimbia, uwindaji ule ni wa ukimya. Akautoa. Tangu hapo kuwarudishia watu picha zao kukawa sehemu ya kazi yake, na mwenyewe aliita njia hiyo anthropolojia ya pamoja.

Miaka michache baadaye, huko Treichville, mtaa wa Abidjan, Côte d'Ivoire, alipiga picha vijana waliotoka Niger kutafuta kazi. Kamera yake wakati ule ilikuwa ya kutia ufunguo kama saa ya zamani, kila kipande kikidumu sekunde 25 au pungufu, wala haikuweza kunasa sauti inayokwenda sawa na midomo. Akamwonyesha Oumarou Ganda, mmoja wa vijana wale, picha zilizokwisha kuunganishwa, akamwacha azisemee mwenyewe huku akizitazama. Ganda akatokea kuwa mwongozaji mkubwa wa sinema ya Niger. Basi nikisoma kwamba uhuru wa mtu wa kawaida kujisemea mbele ya kamera ulizaliwa Paris, nashangaa. Njia hiyo ilikuwa imejaribiwa Ayorou na Treichville kabla ya kupanda ndege kwenda Ulaya, na sisi wa Afrika tuna kila sababu ya kuidai kama urithi wetu.

Twende kwenye vyombo, maana bila vyombo kisa hiki kisingewezekana. Kazi ilianza na kamera nzito ya Arriflex, yenye kelele, iliyohitaji kufunikwa ili mlio wake usiingie kwenye sauti, na ikakaa juu ya stendi. Ndiyo sababu mazungumzo ya mwanzo yako ndani ya nyumba, watu wameketi, hakuna anayetembea. Kilichobadilisha hali ni mambo matatu yaliyokutana kiangazi hicho hicho. Kulikuwa na Nagra, kinasa sauti kilichobuniwa na Stefan Kudelski huko Uswisi, ambacho mtu angeweza kukivaa begani akatembea nacho. Kulikuwa na kamera ya majaribio ya milimita 16 iliyotengenezwa na fundi André Coutant wa kiwanda cha Éclair, nyepesi na tulivu kiasi cha kubebwa. Na alikuwepo Michel Brault, mpiga picha kutoka Québec, Kanada, aliyekuja na ujuzi wa kutembea na kamera kwa lenzi pana na kukaa karibu na mtu, pamoja na maikrofoni ndogo za kubana kifuani.

Ile kamera ya Coutant ilikuwa haijakamilika. Jioni baada ya kazi ilirudishwa karakana, fundi anasikiliza lalamiko la siku, anarekebisha, kesho inatoka tena. Nalipenda sana jambo hili. Fundi, mpiga picha na mwongozaji walikuwa wakiijenga kamera na filamu kwa wakati mmoja, na kila mtaa uliowashinda jana ulimpa Coutant kazi ya usiku. Tukumbuke pia kwamba kasha la filamu ya milimita 16 la kawaida huchukua kama dakika 11 tu, kisha lazima libadilishwe. Anayejua kwamba ana dakika 11 huuliza kwa namna nyingine kabisa na anayejua kwamba simu yake ina nafasi ya saa tatu. Husikiliza kwa makini zaidi, na hupima wakati wa kuwasha.

Sasa turudi mtaani. Wauliza swali walikuwa Marceline Loridan na Nadine Ballot. Nadine, msichana aliyekuwa amekwisha kufanya kazi na Rouch huko Abidjan, hakuwa mgeni wa kamera. Marceline alikuwa na umri wa miaka 32 na riziki yake ilikuwa hiyo hiyo ya kuuliza watu maswali: alifanya kazi ya kukusanya maoni kwa ajili ya uchunguzi wa kisaikolojia na kijamii. Filamu inafunguka kwa mazungumzo yake na waongozaji, wakijiuliza kama mtu anaweza kuzungumza kwa uhuru mbele ya kamera. Anaulizwa kama kazi yake inamvutia, anajibu kwamba haimvutii hata kidogo. Anaulizwa kama yeye mwenyewe angejibu iwapo angesimamishwa njiani, naye hasemi ndiyo. Kwa hiyo mtazamaji anatoka na Marceline akijua tayari kwamba muulizaji huyu hatarajii mengi. Ni uaminifu ambao watu wa mahojiano hatuuonyeshi mara nyingi.

Kwa nini sehemu ile inafanya kazi, ilhali swali lenyewe ni pana kiasi cha kukosa mipaka? Ukimsimamisha mtu Kariakoo saa nne asubuhi ukamuuliza kama ana furaha, atakwambia "Namshukuru Mungu" na kuendelea na safari yake. Hajakudanganya wala hajakujibu. Amekupa adabu, na amefunga mlango kistaarabu. Waparisi wa 1960 nao walikuwa na milango yao ya namna hiyo. Ila filamu inatuachia kuona mlango ukifungwa. Anayekimbia anabaki ndani ya picha akikimbia. Anayejibu kwa neno moja anabaki na neno lake moja. Kati yao anakuja yule aliyesimama na kufunguka, na unatambua ni jambo la nadra kiasi gani. Kama wangekata wote waliokataa na kubakiza wasemaji hodari tu, jiji lingeonekana limejaa watu wanaosubiri kuhojiwa, na huo ungekuwa uongo.

Hata hivyo sehemu hiyo ni ya dakika chache, na hapo ndipo penye uamuzi ninaouheshimu kuliko yote. Rouch na Morin waliona mapema kwamba barabara inatoa sampuli ya nyuso lakini haitoi maisha. Wakaingia ndani. Wakachagua watu wachache na kukaa nao majuma kwa majuma: Angelo, mfanyakazi wa kiwanda cha magari cha Renault, ambaye kamera inamfuata tangu anapoamka, mtumishi mmoja wa reli na mkewe, Marilou, kijana wa Kiitaliano aliyehamia Paris, Landry, mwanafunzi kutoka Côte d'Ivoire, Jean-Pierre, mwanafunzi aliyekuwa karibu na Marceline. Morin alishikilia kwamba kwanza watu wale chakula pamoja, wanywe pamoja, meza izoeleke, ndipo kamera iwashwe. Mengi ya yale tunayoyasikia yalisemwa baada ya sahani kuondolewa. Na kuna mahali ambapo Angelo na Landry, ambao walikuwa hawajazoeana, wanakaa kwenye ngazi na kuzungumza habari za kazi, rangi ya ngozi na heshima. Hakuna anayewauliza lolote, na ndiyo mahojiano yaliyo hai kuliko mengi ya filamu nzima.

Kiangazi kile dunia ilikuwa inageuka. Kongo ilipata uhuru tarehe 30 Juni 1960, na kabla ya nusu ya Julai jeshi lilikuwa limeasi, askari wa Ubelgiji wamerudi na Katanga imetangaza kujitenga. Côte d'Ivoire ya Landry ikapata uhuru wake tarehe 7 Agosti, wakati kazi ya kupiga picha ikiendelea. Kwenye baraza la Musée de l'Homme, jumba la makumbusho ambalo Rouch alilifanyia kazi, kundi likakaa kwa chakula cha mchana, Waafrika na Wazungu meza moja, mazungumzo yakaingia Kongo na ubaguzi. Katikati ya mazungumzo Rouch akawauliza Landry na mwenzake kama wanajua ile namba iliyochorwa kwenye mkono wa Marceline ni ya nini. Hawakujua. Marceline akaeleza: yeye ni Myahudi, na namba ile alipigwa kambini wakati wa vita. Nyuso za vijana wale zinabadilika mbele yetu.

Tukio hili ndilo linalonisumbua kuliko yote. Rouch alijua jibu. Aliuliza ili kamera ione watu wawili wakipata habari nzito kwa ghafla, na akaufanya mwili wa Marceline kuwa swali. Kwa upande mmoja, kilichotokea pale ni kikubwa: machungu mawili ambayo Ulaya ilikuwa ikiyaweka katika vyumba tofauti, la ukoloni na la kambi za maangamizi, yakakaa meza moja. Kwa upande mwingine, hakuna aliyewaandaa Landry na mwenzake, na kutojua kwao kumebaki ndani ya filamu milele. Nikipima yote mawili, nasema Rouch alivuka mpaka, na tukio lingeweza kuendeshwa na Marceline mwenyewe kwa wakati wake bila kupoteza nguvu. Ushahidi kwamba angeweza upo katika tukio linalofuata.

Marceline alipelekwa kambi ya Auschwitz-Birkenau mwaka 1944, akiwa bado na umri wa kwenda shule, pamoja na baba yake. Baba hakurudi. Katika Agosti tupu ya Paris, wenyeji wengi wakiwa likizo, Marceline alivaa Nagra begani, maikrofoni ikabanwa kifuani, akaanza kutembea peke yake katika uwanja wa Place de la Concorde, kisha chini ya mapaa makubwa ya chuma ya Les Halles, soko kuu la chakula la jiji wakati ule. Anatembea na kusema kwa sauti ndogo. Anamwambia baba yake. Anakumbuka baba alivyomwambia kwamba yeye atarudi kwa kuwa ni mdogo. Anakumbuka siku aliyorejea Ufaransa, ndugu wamesimama kituoni, na mdogo wake anamtambua kwa mashaka.

Tazama jinsi lilivyotengenezwa. Kule Les Halles kamera ilikuwa ndani ya gari dogo la Citroën 2CV, likisukumwa kwa mikono ili injini isisikike. Gari linatangulia, Marceline anabaki nyuma, na kadiri gari linavyokwenda ndivyo anavyozidi kuwa mdogo chini ya lile paa. Lakini sauti haipungui, kwa sababu kinasa sauti anacho yeye. Yuko mbali machoni na karibu sikioni. Hakuna aliyekuwa upande wa gari aliyesikia neno hata moja wakati anasema. Rouch, Morin, mpiga picha, wote walikuja kumsikia baadaye, kanda ilipochezwa.

Fikiri maana yake kwa mtu wa mahojiano. Mahojiano yenye nguvu kuliko yote katika filamu hii hayana mhojaji. Hakuna swali lililoulizwa, hakuna kichwa kinachotikisika kumhimiza, hakuna jicho linalosubiri chozi. Yule mwanamke aliyezunguka na maikrofoni kuwauliza wengine kama wana furaha amepewa chombo kizima, na waongozaji wameondoka masikioni mwake. Yeye ndiye alikuwa na uwezo wa kuzima. Yeye ndiye aliyejua atasema nini na ataacha nini. Baadaye, katika mjadala wa filamu yenyewe, likazuka suala la kama alikuwa anaigiza, kwa kuwa Marceline alisema yeye mwenyewe alijua anatengeneza tukio. Rouch hakukubali kwamba huko ni kuigiza. Mimi sioni ugomvi hapo. Mtu anayeomboleza msibani naye anajua anatazamwa, anachagua maneno, na hakuna anayemwambia kilio chake si cha kweli.

Kuhusu uhariri nitasema kidogo. Picha ghafi zilifikia kama saa 25, filamu iliyotoka ni ya saa moja na nusu. Morin alitaka maswali yake ya kijamii yaonekane na watu wengi wabaki. Rouch alivutwa na mwendo wa watu na majira, kiangazi kinavyoanza na kinavyokwisha. Wakavutana, na matokeo yana alama za pande zote mbili. Vita vya Algeria vya kudai uhuru kutoka kwa Ufaransa, vilivyokuwa mdomoni mwa kila kijana wa Ufaransa mwaka ule, vimeguswa kwa tahadhari kubwa, maana ukaguzi wa serikali ulikuwa mkali na filamu ilihitaji kibali ili ionyeshwe. Mtazamaji wa leo anaona vijana wanakaribia jambo, halafu kisu cha mhariri kinawawahi.

Kisha inakuja ile kanuni ya Ayorou, ya kuwarudishia watu picha zao. Kabla ya kufunga kazi, Rouch na Morin waliwaita wahusika kwenye chumba cha sinema, wakawaonyesha sehemu zilizokuwa tayari, wakawasha taa na kuwasha kamera. Mjadala ule umo ndani ya filamu, na hauna huruma. Wapo waliomwona Marilou mkweli kuliko wote. Wapo walioona aibu kumtazama, wakisema mtu hapaswi kujivua kiasi kile mbele ya watu. Katika tukio lenyewe kamera imemkaa Marilou usoni, Morin anamuuliza juu ya hofu na upweke wake, naye ananyamaza kwa muda mrefu huku mikono ikihangaika. Ukimya ule ulibakizwa. Marceline naye alijadiliwa akiwa ameketi hapo hapo. Baada ya hapo Rouch na Morin wanatembea wawili peke yao kati ya makabati ya vioo ya Musée de l'Homme, wakijaribu kuelewa kilichowapata. Walitegemea watazamaji watawapenda watu hawa kama wao walivyowapenda, na wamegundua kwamba hata wahusika wenyewe hawapendani hivyo. Wanamaliza wakiwa na wasiwasi, na wasiwasi huo wameuacha ndani ya filamu ili kila mtu auone.

Sijui uamuzi mwingine wa uhariri unaofanana na huo kwa ujasiri. Waliofilamiwa wakapewa nafasi ya kusema mmekosea, wakaisema, na kauli yao haikukatwa.

Lakini ukarimu huo ulikuwa na mipaka, na ni lazima tuiseme. Wapita njia hawakualikwa. Yule aliyesimama kando ya barabara akaeleza msiba wake kwa Marceline hakuitwa kwenye chumba cha sinema. Hana jina ndani ya filamu. Alitoa kitu kizito kwa mtu asiyemjua, akaenda zake, na uso wake umezunguka dunia kwa zaidi ya miaka 60. Kimsingi, Rouch alibeba kanuni ya Ayorou hadi kwa marafiki zake wa Paris na kuishusha mlangoni mwa barabara. Waongozaji Chris Marker na Pierre Lhomme walipotoka nao mitaani Paris Mei 1962, miezi miwili baada ya makubaliano ya kusimamisha vita vya Algeria, walikuwa na vyombo bora zaidi na walikaa na wapita njia muda mrefu zaidi, wakiwauliza pia habari za nyumba, pesa na siasa. Maswali madogo yalizaa majibu marefu. Ni hatua kubwa, ila suala la kuwarudishia watu wa barabarani picha zao lilibaki vile vile.

Na ndipo lilipo hadi leo, Dar es Salaam na Nairobi na kwingineko. Mahojiano ya mtaani yamekuwa chakula cha kila siku cha simu zetu. Kijana na maikrofoni yenye sponji ya rangi, swali la mapenzi au la pesa, jibu la sekunde tano, kicheko kimebandikwa juu. Mama muuza ndizi anaulizwa kitu cha kumfedhehesha, anajibu kwa wema, na jioni anachekwa na watu laki moja bila habari. Nasema wazi kwamba hilo ni wizi, hata kama alikubali kuzungumza. Alikubali kumjibu kijana aliyesimama mbele yake. Hakukubali kile kicheko.

Dawa si kuacha kuuliza. Mtaa una maarifa ambayo hayaandikwi popote, na anayepita na sikio wazi hufanya kazi ya maana. Kinachotakiwa ni kufanya yale ambayo kisa cha 1960 kilionyesha kuwa yanawezekana kwa vyombo vibovu kuliko tulivyo navyo. Uliza kitu ambacho mtu ana jibu lake: leo umeamka saa ngapi, nauli imekula kiasi gani, nani amebaki na watoto. Jibu la kwanza likitoka usishushe maikrofoni. La pili ndilo lake. Waliokataa waache ndani kwa heshima, nyuso zao zikiwa zimefichwa. Ukimpata mwenye mengi ya kusema, rudi kesho bila kamera, kunyweni chai. Akiwa tayari, mpe maiki ya kubana na simu yenye kinasa sauti, akatembee mwenyewe sokoni au nyumbani kwake, awe ndiye anayewasha na kuzima. Na siku ya kuonyesha, anza na wao. Projekta ndogo, shuka jeupe, uwanja wa serikali ya mtaa baada ya isha, na mtu wa kuandika watakayoyakosoa. Watakayosema yatolewe, yatolewe. Kuna watu watakaosema hilo linamnyima mwongozaji uhuru wake. Rouch aliondoa muziki kwa amri ya wawindaji wa viboko, na hakuna anayesema alipoteza uhuru.

Filamu ilionyeshwa Cannes Mei 1961 na kupata tuzo ya wahakiki wa kimataifa. Rouch aliendelea kurudi Niger na kupiga picha huko hadi alipofariki katika ajali ya gari Februari 2004, huko huko Niger. Ila kwangu matokeo ya maana zaidi ni ya Marceline. Alioana baadaye na Mholanzi Joris Ivens, wakafanya naye filamu Vietnam na China, akaendelea kuongoza na kuandika karibu hadi kifo chake mwaka 2018. Na filamu yake ya kwanza hakungoja aipewe na mtu. Mwaka 1962, Algeria ikiwa imepata uhuru mwezi Julai, Marceline na Jean-Pierre, wote wawili wahusika wa kiangazi kile cha Paris, walichukua kamera wakaenda Algeria kupiga picha za nchi changa, wakiwauliza Waalgeria wenyewe habari za vita vile ambavyo katika filamu ya Rouch na Morin vilikuwa vimetajwa kwa kunong'ona.